Kobe wa Kwanza: Uchague Yupi?

Sisi watu wa pwani tukisikia kobe, fikra hukimbilia wale wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Unguja, ambao asili yao ni Shelisheli. Mimi safari hii habari ya kobe imenikuta Nairobi, kwenye baridi, kwa mpwa wangu akaaye Lavington.

"Mjomba," aliniambia Ijumaa tulipotoka Msikiti wa Jamia, "binti yangu ataka kobe. Yuko mtu ataka kuniuzia mmoja mdogo, bapa kama chapati. Yafaa kwa anayeanza?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimchukua hadi Bustani ya Nyoka, kando ya Makumbusho ya Taifa, ambako kobe nao wapo. Huko ndiko tulikozungumza.

Huyo bapa, nilimwambia, mwache. Makao yake ni nyufa za majabali, pande za Kitui na Samburu. Gamba lake ni jembamba, hulegea hata akaweza kujibana kwenye ufa. Hutaga yai moja moja, kwa hivyo kila anayetolewa jabalini huacha pengo lisilozibika upesi. Mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wa porini.

Wa pili ni wa kwetu pwani, mwenye gamba lenye bawaba nyuma. Akiona adui hufunga mlango. Huyu apenda joto na unyevu, na hula majani, uyoga hata konokono. Baridi ya Nairobi ya mwezi wa Julai haimfai.

Wa tatu ana madoadoa kama chui. Kwa mgeni wa kazi, huyu ndiye mwepesi: chakula chake kikubwa ni nyasi. Lakini hupita kilo 10, na hutaka uwanja mpana wenye jua na mahali pakavu pa kulala. Tena asinyanyuliwe ovyo. Akishtuka humwaga maji aliyoyaweka kibofuni, na wakati wa kiangazi maji hayo ndiyo uhai wake.

Juu ya yote, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yataka kibali cha serikali kabla ya kufuga.

"Uwanja wako una ukubwa gani?" nilimuuliza.

"Hatua nane kwa sita. Na ghorofa ya jirani huziba jua tangu saa saba."

"Na kobe huweza kupita miaka 50. Amana hiyo utamwachia nani?"

Alinyamaza.

Jioni binti alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Yule wa kwenye boksi, atarudi jabalini?"

Sikuwa na jawabu. Baba yake aliinuka, akachukua simu, akawapigia watu wa Huduma ya Wanyamapori.