Nguo za Ndani Zisianikwe Mvunguni

Siku hizi hapa Dar es Salaam bibi harusi hatoki kwenye kicheni pati na sufuria peke yake. Akina mama humfungia pia nguo za ndani nzuri: shimizi laini, sidiria za lesi, chupi za rangi zinazolingana. Ni zawadi za gharama, na mara nyingi jumuiya nzima imezichangia. Miezi sita baadaye mikanda ya sidiria imelegea, lesi imegeuka manjano, na shimizi ina vidoadoa vyeusi vya ukungu. Lawama zote humwangukia muuza duka. Mara nyingi muuza duka hana kosa. Nguo hizo zimeuawa na namna zilivyofuliwa, na zaidi ya hapo, na mahali zilipoanikwa. Jambo hili la pili ndilo linalotuhusu hasa katika ukurasa wa afya, kwa sababu linaharibu nguo na linamdhuru mvaaji.

Wengi wetu tunaishi nyumba za kupanga. Iwe Tandika, Mbagala, Mwananyamala au Tandale, familia nne au tano hutumia uwani mmoja, kamba moja ya kuanikia, na macho ni mengi. Binti aliyevunja ungo huona haya kutundika chupi yake mbele ya baba mwenye nyumba na vijana wa chumba cha pili. Haya ni jambo jema, nasi wazazi ndio tuliomfundisha. Lakini matokeo yake ni kwamba chupi inaanikwa mvunguni mwa kitanda, nyuma ya mlango, au chini ya kitenge kizito. Katika jiji hili la joto na unyevunyevu wa bahari, nguo ya namna hiyo haikauki. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, inaweza kukaa siku mbili ikiwa bado mbichi, na binti anaivaa hivyo hivyo kwenda shule. Fangasi hupenda joto, giza na majimaji, na hapo amepata vyote vitatu. Mwasho na wekundu kwenye mapaja na sehemu za siri huanzia hapo.

Dawa ya aibu hii ni kamba mbili. Kamba ya mbele itundikwe kanga nyepesi, ya nyuma zitundikwe nguo za ndani. Jua linaingia kwa juu, upepo unapita pembeni, na mpita njia anaona kanga tu. Baba anayeweza kupigilia misumari minne ukutani amefanya kazi kubwa ya afya kwa binti zake. Vitambaa vya hedhi vya kufuliwa navyo vianikwe hapo hapo, juani, mpaka vikauke kabisa.

Ipo sababu nyingine ya kuanika juu, mahali penye mwanga. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini mchangani. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mvaaji na kufanya jipu lenye kitundu katikati. Watoto wachanga huumia zaidi, kwa nepi zao. Pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono, huua mayai hayo. Lesi na nailoni hazivumilii pasi ya moto, kwa hiyo hizo zisianikwe kamwe chini wala kwenye majani.

Hapa msomaji makini atauliza: je, jua kali haliharibu lastiki? Linaharibu, tena sana. Nguo ya pamba iache juani mchana kutwa. Ile ya lesi, nailoni au hariri igeuze nje ndani, ianike kwenye jua la asubuhi, na ikishakauka iondoe mara moja. Kwa kuwa ni nyepesi, haichukui muda mrefu. Kinachoiua ni kuachwa kambani tangu asubuhi mpaka jioni. Sidiria isitundikwe kwa mkanda, maana uzito wa maji unauvuta. Ibanwe katikati, kati ya vikombe viwili.

Tukija kwenye beseni, adui wa kwanza ni dawa ya kung'arisha kama Jik. Klorini hula lastiki na huigeuza nailoni nyeupe kuwa ya manjano, yaani inaleta kile kile ulichotaka kukiondoa. Maji ya moto nayo hulegeza lastiki. Tumia maji ya baridi au ya vuguvugu, sabuni kidogo, na mikono: pikicha taratibu bila brashi, kisha kamua kwa kubonyeza ndani ya taulo badala ya kunyonga. Doa la damu lianze na maji ya baridi peke yake, kwani maji ya moto huligandisha.

Wale wanaotumia maji ya kisima wanajua shida yake. Maji ya chumvi hayatoi povu, sabuni ya mche inageuka utando mweupe, na utando huo unabaki kwenye kitambaa na kuwasha ngozi. Watu huongeza sabuni. Ingefaa waongeze kusuuza. Kama ndoo ya maji ya bomba au ya mvua ni moja tu, ihifadhi kwa kusuuza mara ya mwisho. Dawa za kuua vijidudu hazihitajiki kila siku, nazo huwasha.

Ni lazima tuseme pia kwamba kufua si tiba. Mwenye kutokwa na uchafu mzito kama maziwa yaliyoganda, au wenye harufu mbaya, au anayesikia maumivu wakati wa kukojoa, aende zahanati, hasa akiwa mjamzito. Asijioshe kwa ndani kwa sabuni wala limao.

Nguo za ndani za mitumba haziruhusiwi na viwango vya TBS, hata kama bado unaziona zimerundikwa sokoni. Bei ndogo isikuvute. Chupi mbili mpya za pamba ni bora kuliko kumi za mtumba.

Kuhusu kutunza, nguo iingie kabatini ikiwa kavu kabisa na imepoa. Sidiria zipangwe kikombe ndani ya kikombe, bila kukunjwa katikati. Wengi huweka nafthalini, vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali, ili kufukuza mende na nondo. Visiwekwe kabisa penye nguo za mtoto mchanga au khanga za kumbebea. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu katika chembe nyekundu za damu, ambao ni wa kawaida katika nchi zenye malaria kama yetu, na mvuke wa nafthalini unaweza kuivunja damu yao. Mtoto anakuwa wa manjano, analegea, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na muuguzi aambiwe kuhusu vidonge. Kwa sanduku la nguo, karafuu kavu kiganja kimoja zilizofungwa kwenye kitambaa zinatosha kwa harufu nzuri. Zibadilishwe harufu ikiisha.