Rimu za Alumini: Hatari Iliyofichwa na Rangi

Gari linapotumbukia katika shimo la barabarani, aghalabu dereva huwaza kwanza juu ya tairi na springi. Rimu hukumbukwa baadaye, usukani unapoanza kutetema au tairi linapopungua upepo kila asubuhi bila ya msumari kuonekana. Hapo rimu hupelekwa kwa fundi, ikanyooshwa, ikachomelewa palipopasuka, na mwishowe ikapakwa rangi ya unga na kuokwa ndani ya tanuri. Hurudi iking'aa kana kwamba imetoka kiwandani. Kama imerudi na nguvu yake ni swali ambalo jicho haliwezi kulijibu.

Kwa rimu za bati la chuma jambo hili si zito sana. Chuma hicho hupinda sana kabla ya kukatika, nacho huvumilia nyundo kwa kiasi chake. Rimu za alumini, ambazo zimeenea Afrika Mashariki pamoja na magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani, zina tabia nyingine kabisa.

Nyingi katika rimu hizo humiminwa katika kalibu kwa aloi yenye alumini, silikoni kiasi cha sehemu 7 katika kila 100, na magnesiamu isiyofikia hata nusu ya sehemu moja. Silikoni huisaidia metali iliyoyeyuka kutiririka na kuijaza kalibu. Magnesiamu, ijapokuwa ni kidogo mno, ndiyo yenye siri ya nguvu. Baada ya kumiminwa, rimu hupashwa joto la karibu nyuzi 540 za Sentigredi kwa muda wa saa kadhaa, mpaka magnesiamu ienee ndani ya alumini kama chumvi ieneavyo katika maji, ingawa metali bado ni yabisi. Kisha huzamishwa majini ipoe ghafla. Halafu hupashwa tena kwa joto la chini, nyuzi 150 au 160 hivi. Katika joto hilo la pili, atomi za magnesiamu na za silikoni hukusanyika katika vichungu vidogo sana, visivyoonekana kwa hadubini ya kawaida, navyo huzizuia tabaka za atomi za alumini zisiteleze moja juu ya nyingine. Kule kuzuiwa ndiko tunakokuita ugumu.

Jambo hili liligunduliwa mwaka 1906 na Mjerumani Alfred Wilm, aliyekuwa akijaribu aloi ya alumini yenye shaba na magnesiamu. Aliona kwamba kipande kilichopashwa joto na kupozwa ghafla kilizidi kuwa kigumu chenyewe kilipoachwa kwa siku chache. Yeye hakuwa na maelezo ya ajabu hiyo; maelezo yalianza kutolewa na watafiti wa Marekani mwaka 1919.

Basi nguvu iliyoletwa na joto huweza kuondolewa na joto. Rimu ikipashwa kupita kiasi, vile vichungu huungana, vikawa vikubwa na vichache, na tabaka za atomi zikapata njia ya kuteleza. Metali hulainika, wala hairudii ugumu wake kwa kupoa tu. Hapa fundi aliyezoea chuma hupotezwa na uzoefu wake mwenyewe. Chuma humwonya kwa kugeuka chekundu; alumini haitoi onyo hilo. Aloi ya rimu huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 560 hivi, na mpaka kufikia hapo sura yake mchana haibadiliki. Wako mafundi wanaopaka sabuni juu ya alumini na kusubiri igeuke kahawia au nyeusi. Njia hiyo ni nzuri kwa mtu anayetaka kulilainisha bati la alumini apate kulikunja, na kwa sababu hiyo hiyo haifai hata kidogo kwa rimu. Anayelazimika kutumia joto anahitaji kipimajoto kinachogusa metali yenyewe, au chaki maalumu inayoyeyuka kwenye joto lililoandikwa juu yake.

Yafaa kukumbuka pia kazi inayofanywa na rimu. Tairi la gari dogo husafiri karibu mita 2 kwa kila mzunguko, yaani huzunguka mara 500 hivi katika kilomita moja. Safari ya Dar es Salaam mpaka Dodoma, kilomita 450 hivi, huizungusha rimu zaidi ya mara 220,000, na katika kila mzunguko kila mkono wa rimu hubebeshwa mzigo na kupumzishwa. August Wöhler, mhandisi wa reli wa Ujerumani, alionyesha katika karne ya 19 kwamba metali inayopakiwa na kupakuliwa mara nyingi huvunjika chini ya mzigo ambao ingeubeba bila ya taabu mara moja. Huu huitwa uchovu wa metali. Chuma, mzigo ukiwa mdogo vya kutosha, huweza kustahimili mizunguko isiyo na idadi. Alumini haina kikomo cha wazi namna hiyo. Ufa wenye upana wa unywele hukua kidogo kidogo, kisha siku moja mkono hukatika.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya fundi mwangalifu si nyundo bali ukaguzi. Rimu husafishwa kabisa, hupakwa kimiminiko chenye rangi kinachopenya katika nyufa, hufutwa, kisha hunyunyiziwa unga mweupe unaokivuta kimiminiko hicho nje. Penye ufa hutokea mstari. Ukaguzi huo hurudiwa baada ya kunyoosha, kwa kuwa kunyoosha nako huweza kupasua. Mikwaruzo ya juu juu na mpindo mdogo wa ukingo wa ndani hutengenezeka. Ufa katika mikono, katika matundu ya nati au karibu na habu hautengenezeki, hata fundi awe stadi wa namna gani. Mabishano hubaki juu ya ufa wa ukingo wa ndani, ambao wengi huuchomelea. Mchomeleo wenyewe huweza kuwa imara, lakini metali iliyo kandokando yake imepitia joto kali na kulainika. Ili nguvu irudi ingebidi rimu nzima ipashwe tena nyuzi 540 na kuzamishwa majini, nayo ikifanyiwa hivyo huenda ikapinda. Watengenezaji wengi wa rimu huukataza mchomeleo huo, na hoja yao ina uzito kuliko bei ya rimu nyingine. Herufi JWL zinazoonekana juu ya rimu nyingi za Kijapani zinathibitisha kanuni ambazo rimu ilitimiza ilipotoka kiwandani. Hazisemi lolote kuhusu mchomeleo wa baadaye.

Hatari moja yapasa kutajwa peke yake. Rimu isichomelewe wala kupashwa moto tairi likiwa bado limevishwa, hata kama upepo umetolewa. Mpira uliopata joto hutoa gesi zinazowaka, gesi hizo hukusanyika ndani ya tairi, na mlipuko huweza kutokea hata baada ya moto kuondolewa. Mafundi wamekwisha kufa kwa namna hiyo.

Rangi ya zamani huondolewa kabla ya kupaka mpya. Kuichoma kwa moto ni kuipika rimu upya. Kostiki soda huila alumini na kutoa haidrojeni inayowaka. Dawa zenye daikloromethani hulegeza rangi upesi, lakini mvuke wake hulevya na kuua katika chumba kisicho na hewa, na mwili hugeuza sehemu yake kuwa kaboni monoksaidi. Kupuliza mchanga wa kawaida huacha vumbi la silika linaloharibu mapafu pasipo tiba. Uingereza iliupiga marufuku mchanga wa aina hiyo katika kazi ya kupuliza tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Punje za oksidi ya alumini au za kioo, ndani ya kisanduku kilichofungwa, ndizo zinazofaa.

Rangi ya unga yenyewe ni ubunifu mzuri. Haina kiyeyushi cha kuvuta puani. Punje zake za plastiki hupewa chaji ya umeme na bunduki yenye volti 60,000 hadi 100,000, nazo huivutikia rimu iliyounganishwa na waya wa ardhini, zikaishika mpaka upande wa nyuma. Waya huo ukikatika, cheche huruka. Na unga uliotanda hewani, makumi machache tu ya gramu katika mita moja ya ujazo, hulipuka kama vumbi la kinu cha nafaka. Kisha rimu huingizwa tanurini, na metali ikifika nyuzi 180 hadi 200 huachwa kwa dakika 10 hadi 20. Rimu nyingi huvumilia hayo mara moja. Tanuri la kubuni lisilo na kipimo, linalofika nyuzi 250 kwa saa nzima, huvila vile vichungu vya magnesiamu. Na madhara ya kila uokaji hujumlishwa juu ya yale ya uokaji uliotangulia.

Unga usipakwe katika viti vya nati wala katika uso unaogusana na habu. Utando mnene wa plastiki hubonyea na kulegea breki zinapopata joto, nati zikafunguka zenyewe. Sehemu hizo huzibwa kabla ya kupuliza; na gari likisharudi barabarani, nati hukazwa tena kwa spana yenye kipimo baada ya kilomita 50 hadi 100.

Ama rimu iliyokataliwa, ikatwe vipande viwili kwa msumeno pale pale karakanani kabla ya kuuzwa kwa wanunuzi wa chakavu. Ikiondoka nzima, hakuna kinachomzuia mtu mwingine kuipaka rangi.