Jumapili ya Kwanza: Unataka Kuonekana ama Kuachwa?

Buda, siz, labda hujawahi kanyaga kanisa, ama mara ya mwisho ulikuwa mtoi umevalishwa soksi nyeupe. Na sahi kuna kitu inakuvuta huko. Pengine manzi wako amesema muende pamoja. Pengine beste yako anabatiza mtoi. Pengine ni usiku zimekuwa ndefu. Sitakuuliza ni gani. Nataka tu kukuchanua venye kunakuwanga ndani, ju mara yangu ya kwanza hakuna mtu alinichanua, na ilinikalia vibaya.

Kabla tufike kwa luku na sadaka, jiulize kitu moja ukiwa bado kejani: unataka kuonekana ama unataka kuachwa? Hapo ndio makanisa za hii Nairobi zinatofautiana, kushinda jina yenye iko kwa bango. Kuna zenye ukipita tu mlango, kila mtu ashajua kuna mgeni. Kuna zingine unaingia, unakaa, unatoka, na hakuna mtu anakuuliza jina. Zote ni kanisa. Lakini siku moyo iko chini, ukiingia ile si yako, unaweza apa haurudi.

Mimi niliapa. Tulikuwa tumezika brathe yangu Ijumaa, ushago, nikarudi mtaani Jeri Jumamosi usiku. Asubuhi nikaskia ngoma ikitoka kwa kanisa ya mabati hapo nyuma ya stej, miguu ikanipeleka. Nilitaka tu kukaa mahali kuna watu. Sikujua kanisa kama hiyo mgeni hakaangi tu. Nyimbo zikiisha, mwenye alikuwa anaongoza akashika maiki: kama uko hapa mara ya kwanza, simama tukuone. Nikasimama. Kanisa nzima ikageuka. Nikasema jina, nikasema mtaa. Akaniuliza, "Na umeokoka?" Sikuwa najua hata jibu inafaa kuwa nini. Wakanipigia makofi, wakaniimbia, mathe fulani akaja na kadi akaandika namba yangu ya simu. Nilitoka mahubiri ikiwa katikati, macho imejaa.

Nakuambia hii mapema ndio isikupate venye ilinipata. Kwa makanisa mob za Kipentekoste, ya mabati ama ile iko na skrini na parking ya magari mia, hiyo taimu ya wageni huwa iko. Hawataki kukuaibisha. Kwao, kuacha mgeni akae kimya ni kama kumwacha amesimama mlangoni bila kumkaribisha chai. Unaweza simama useme jina ukae. Unaweza pia kubaki umekaa, hakuna mtu ako na listi. Na ukiulizwa kama umeokoka na hujui, sema bado unaskiza. Hiyo ni jibu ya heshima, na pasta mwenye anajua wera yake ataichukua na heshima.

Venye ibada yao huenda: inaanza na nyimbo za sifa, kinanda na drams, mko kwa miguu kitambo. Alafu mwendo inashuka, inakuwa nyimbo za kuabudu, na hapo utaona jamaa mkubwa, mwenye wiki yote anabeba magunia Gikomba, ameinua mikono analia bila kuficha. Usimwangalie sana. Hapo ndio mahali pake pa kutua mzigo. Kisha maombi, na watu wote wanaomba kwa sauti, wakati mmoja, kila mtu na yake, wengine wananena kwa lugha. Mara ya kwanza inaweza kukushtua. Ukitulia utaskia ndani ya hiyo kelele kuna mtu anaombea rent, mwingine anaombea mtoi ako Kenyatta wodini. Wewe simama tu, fumba macho ama usifumbe. Mhubiri akisema "Bwana asifiwe!" jibu ni "Amina!" Akisema uambie jirani yako kitu, jirani atakugeukia, smailia yeye, inatosha.

Karibu na mwisho kinanda huanza kulia polepole na pasta anaita wenye wanataka kuokoka wakuje mbele. Hapa nakuomba kama brathe: usiende ju wimbo imekugusa, ama ju beste yako amekushika kiwiko. Hiyo hatua ni kubwa. Ikiwa yako, wiki ijayo bado itakuwa yako.

Sasa ile ya kuachwa. Jumanne ya wiki ingine nilikuwa tao, sina form, nikapita Holy Family Basilica pale City Hall Way. Ilikuwa mchana, Misa ya wasee wa ofisi wenye wanatumia lanchi kuomba. Mlangoni watu wanachovya vidole kwa maji ya baraka, wanafanya ishara ya msalaba, wakifika kwa benchi wanapiga goti moja kabla wakae. Nilikaa nyuma kabisa. Sikujua chochote. Hakuna mtu aliniuliza chochote. Hiyo siku ndio nililia brathe yangu vizuri, na mama mwenye alikuwa kando yangu alisongea kidogo tu, akaniachia nafasi, akaendelea na rozari yake.

Kwa Wakatoliki kila kitu iko na mpango, na mpango ni moja: masomo yenye unaskia Jumapili Kariobangi ndio wanasoma hiyo siku karibu dunia nzima. Kuna kusimama, kukaa, kupiga magoti, na hakuna mtu anatangaza kila moja. Cheki mwenye ako mbele yako, fuata yeye. Injili ikisomwa mnasimama. Mahubiri ni fupi ukilinganisha na ya Wapentekoste. Kengele ikilia na watu wakipiga magoti, wewe unaweza kaa tu, inamisha kichwa. Kisha kuna kupeana amani. Jirani atakunyoshea mkono, mshike. Ikifika Komunyo na laini ianze kusonga, baki kwa benchi. Hiyo ni ya Wakatoliki wenye wamejitayarisha, na hata kati yao kuna wenye hubaki wamekaa. Rudisha tu magoti nyuma wapite.

Ukitaka kuskia hiyo Misa ikiwa hai, enda ya Kiswahili Jumapili, mtaani. Kayamba, ngoma, watoi wakicheza kuelekea altare na matoleo, mathe ameshikilia kuku, mwingine sukari na unga. Shosh yako kama ni wa zamani sana, alikua akiskia Misa kwa Kilatini. Ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, ulifungua mlango lugha zetu na ngoma zetu ziingie.

Wengine nitawapitia mbio. Waanglikana wako na kitabu cha sala, maneno yote imeandikwa, ukishika kitabu haupotei. Ile kubwa yao ni All Saints' Cathedral, mawe ya zamani, msingi iliwekwa 1917. Mimi nikikaa hapo huwa nafikiria tarehe 7 Julai 1997, karao wakiingia ndani na tiagasi na rungu, wakachapa wasee wenye walikuwa wanaomba katiba ibadilishwe. Kwa hizo benchi kuna watu walitoka damu ndio mimi na wewe tuweze kuongea. Wasabato nao wanaabudu Jumamosi, na ukienda, fika mapema ukae kwa shule ya Sabato, ju hapo wanagawana vikundi na unaweza uliza maswali. Akorino, wale wa vilemba vyeupe, viatu unavua mlangoni.

Kitu ingine ni lugha. Makanisa mob ziko na ibada mbili ama tatu Jumapili: moja ya Kizungu, moja ya Kiswahili, na kuna mitaa ya tatu ni ya lugha ya mama. Uliza kabla uende. Kukaa masaa mawili bila kushika neno inachosha roho.

Luku. Hauhitaji suti ya kukopa. Jins safi, shati imepigwa pasi, raba zimeoshwa, uko fiti. Masiz, nguo yenye unaweza inama nayo bila wasiwasi, ju kuna kusimama na kukaa mob. Mboyz, toa ngepa mlangoni. Simu iweke kimya. Kuna shosh atakucheki kutoka juu hadi chini, na mara nyingi anatafuta tu kama wewe ni mtoto wa mtu anajua. Msalimie vizuri: "Shikamoo shosh," ama kwa Wakatoliki, "Tumsifu Yesu Kristo." Uso utabadilika.

Sadaka. Kikapu itapita, ama bahasha, ama namba ya Pebil iko kwa skrini. Mgeni hana deni. Ukiwa na mbao weka mbao, ukiwa na soo weka soo, ukikosa, pitishia jirani kikapu na uendelee kukaa na amani. Fungu la kumi ni ya wenye wameamua hapo ni nyumbani. Na usidhani kanisa zote zinaangalia ukubwa wa bahasha. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wenye Rais alikuwa amepeana kwa parokia ya Soweto. Mimi hiyo siku niliskia nikiheshimu kanisa, na hata mimi si Mkatoliki.

Lakini hapa kwa pesa na nguvu ndio lazima tuongee ukweli wote. Mwaka wa 2023, msitu wa Shakahola, Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, waumini wenye walifuata mhubiri hadi wengi wakafa njaa, na watoi wakiwa ndani. Hao watu pia walikuwa na Jumapili yao ya kwanza mahali. Kwa hivyo fungua macho. Mhubiri akikuambia uache hospitali, uache shule, uuze kitu yenye unakula nayo, usiongee tena na mathe yako ju hajaokoka kama wewe, amka utoke. Akikuambia panda mbegu ya ngiri tano ndio mlango ya kazi ifunguke, amka utoke. Kutoka si dhambi. Mungu mwenye nimekuja kumjua hajawahi nifungia mlango kutoka nje.

Na usipime kanisa na siku moja. Kama unaweza, enda mara tatu. Ya kwanza utakuwa unacheki mlango, viti, nani anakuangalia. Ya pili unaanza kuskia maneno. Ya tatu unajua kama uko na kitu ya kufanya hapo. Baada ya ibada usihepe mbio, ju mara mingi kuna chai nje, na chai ndio mahali wasee wanaongea ukweli: nani ameachishwa kazi, nani anatafutia mtoi shule, nani anaumwa.

Mimi nilikuwa nimehepa hiyo chai. Nilikuwa nimeshaamua ya mabati basi, nitakuwa mtu wa kukaa nyuma Basilica bila jina. Siku moja baada ya ile Misa ya mchana, Jumatano saa mbili usiku, simu ikaringi, namba sijui. Ni yule mathe wa kadi. Akasema aliniona nikitoka, na baadaye akaskia kwa wasee wa stej kwamba nimezika, na alikuwa amejikaza kupiga ju hakujua aseme nini. Akaniuliza kama nimekula. Nikanyamaza. Tangu ushago nilikuwa naishi na mkate na chai ya rangi. Akasema ako na githeri kwa jiko, ploti yake ni ile ya geti ya kijani kando ya posho mill, nisiogope, hakuna mkutano, ni yeye na wajukuu wake wawili tu.

Nikavaa raba nikashuka.