Kulehemu Nyumbani: Moshi, Mikono na Afya ya Fundi

Katika miji ya Mbeya na Iringa, wapo wanafunzi wa ufundi umeme na mafundi wa redio wanaounda bodi za saketi za majaribio nyumbani. Bodi yenye tabaka la shaba hukatwa, hutumbukizwa katika feriki kloridi ili shaba isiyotakiwa iliwe, hutobolewa matundu, kisha vipuri hulehemiwa mahali pake. Kila hatua ina hatari yake kwa afya, nayo yazuilika.

Wengi huogopa moshi wa lehemu wakidhani ni mvuke wa risasi. Lehemu iliyozoeleka ina takriban asilimia 60 ya bati na asilimia 40 ya risasi, lakini joto la pasi ya kulehemu, nyuzi 300 hadi 400 za Selsiasi, ni dogo mno kuivukiza risasi kwa wingi. Moshi unaoonekana hutokana na utomvu wa misonobari, jamii ya miti iliyotanda Sao Hill wilayani Mufindi, ambao hutiwa ndani ya waya wa lehemu ili ishike vyema. Moshi huo husababisha pumu itokanayo na kazi. Mwezi Juni na Julai, baridi inapofungisha madirisha, fundi huuvuta kwa wingi zaidi.

Risasi yenyewe hupitia mikononi: fundi hushika lehemu, kisha hula karanga au humlisha mtoto. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Ubongo wa mtoto mdogo ndio hudhurika zaidi.

Hivyo, fundi alehemu penye dirisha wazi, feni ikiutoa moshi nje. Barakoa ya kitambaa haiuzuii. Anawe kwa sabuni kabla ya kula. Bodi ikatwe ikiwa na majimaji, vumbi la nyuzi za kioo lisiruke. Feriki kloridi isitiwe katika chombo cha jikoni. Ikiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha mgonjwa afike kituo cha afya.

Pumu ya mfanyakazi wa kiwandani mara nyingi hupungua siku za mapumziko. Anayelehemu mahali anapolala hapati nafuu hiyo, na chanzo hujificha. Kwa hiyo mgonjwa wa pumu asiyetulia kwa dawa aulizwe pia kazi anayoifanya nyumbani.