Silikanti

Silikanti wa Bahari ya Hindi (jina la kisayansi: Latimeria chalumnae) ni spishi ya samaki wa maji ya kina kirefu. Anapatikana katika pwani ya Afrika Mashariki na Kusini, Komoro na Madagaska. Wataalamu walimjua kwa visukuku tu, wakidhani ukoo wake ulitoweka pamoja na dinosauri miaka milioni 66 hivi iliyopita, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938.

Maumbile na maisha

Anaweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilogramu 90. Mapezi yake yana shina la nyama na mifupa, mfano wa miguu mifupi. Mchana hupumzika katika mapango ya miamba. Usiku huwinda samaki na ngisi. Si papa, lakini kama papa wengi huzaa wana hai, kwa kuwa mayai huanguliwa tumboni mwa jike. Utafiti wa magamba uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba mimba huchukua miaka 5, jike hupevuka akikaribia miaka 60, na umri huweza kufikia miaka 100.

Hatari na hifadhi

Tangu miaka ya 2003 na 2004 silikanti wengi wamenaswa Tanzania, hasa mkoani Tanga, katika majarife yanayotegwa kuvua papa. Kwa kuwa huzaa polepole, kila jike anayekufa wavuni ni pengo lisilozibika upesi. Mwaka 2009 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ili kumlinda.