Mkongo umefika Kigoma, mbona Rungwe Mpya bado ni bando?

Kijana wa Rungwe Mpya, wilayani Kasulu, aliyemaliza kidato cha sita na anataka mkopo wa elimu ya juu hana namna ya kukwepa mtandao. Maombi ya Bodi ya Mikopo (HESLB) hujazwa huko. Cheti cha kuzaliwa huhakikiwa RITA, huko huko. Fomu inachapwa, inapigwa saini na mihuri, halafu inaskaniwa na kupandishwa tena kwenye mfumo.

Mwenye WiFi nyumbani anakaa mezani na kumaliza sehemu kubwa ya kazi hiyo. Asiye nayo anategemea bando, hotspoti ya jirani au nauli ya bodaboda hadi kwenye stesheneri. Bando likikata fomu ikiwa nusu, anaanza upya kutafuta hela. Na dirisha la maombi lina siku yake ya kufungwa.

Swali ni hili: kama Mkongo wa Taifa umeshafika Kigoma, kwa nini intaneti ya nyumbani haiingii kirahisi kwenye nyumba za vijijini?

Mkongo ni barabara kuu tu

Mwaka 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Kipindi hicho hicho serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, ili kusambaza intaneti hiyo mikoani hadi nchi jirani.

Lakini mkongo ni kama barabara kuu. Kupita karibu na kwako haina maana gari litaingia uani. Kutoka kwenye mkongo hadi sebuleni unahitajika waya mwingine, nguzo, vifaa vya kugawa mawimbi na fundi wa kuhudumia. Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachokula hela.

Sinza au Kariakoo, mita mia chache za waya zinaweza kupata wateja kibao. Kijijini nyumba zimetawanyika, katikati kuna mashamba ya mahindi, maharage na migomba. Waya ule ule unaweza kumfikia mteja mmoja au wawili. Kampuni zinapiga hesabu, zinabaki mijini.

Umeme nao ni kikwazo. Mkoa wa Kigoma uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na ulianza kuunganishwa na gridi ya taifa Oktoba 2022. Simu unaichaji kwa sola na inakaa siku nzima. Ruta ya nyumbani inataka umeme muda wote.

Ndiyo maana watu wanategemea mnara

Takwimu za TCRA zilionesha kuwa laini za intaneti nchini zilipita milioni 40 mwaka 2024. Karibu zote ni za simu. Nyumba zenye faiba ni sehemu ndogo sana.

Kusukuma minara vijijini ni kazi ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Mfuko huu huzipa kampuni za simu ruzuku ili zijenge sehemu ambazo peke yao zisingeenda. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini.

Hiyo ni hatua kubwa. Bila mnara hata kutuma hela kwa simu ni shida. Ila mnara ni wa wote: jioni watu wakiingia kwa wingi, kasi inagawanywa. Na data yake inauzwa kwa kupimiwa.

Piga hesabu mwenyewe

Mwaka 2022 serikali ilieleza kuwa bei elekezi ya MB 1 ni kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Maana yake, MB 1,000 zinaweza kukugharimu shilingi 2,030 au shilingi 9,350, kutegemea umejiunga kifurushi gani. Kwa kawaida anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa zaidi kwa kila MB.

Sasa chukua familia inayotumia GB 1 kwa siku: mtoto anaangalia somo la video, mama WhatsApp, baba habari na mpira. Kwa mwezi ni GB 30. Hata kwa bei ya chini kabisa, ni takriban shilingi 60,900.

Tume ya Umoja wa Mataifa ya masuala ya intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba kifurushi cha msingi kisizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Tanzania ilipoingia uchumi wa kati mwaka 2020, pato hilo lilikuwa dola 1,080 kwa mwaka, sawa na dola 90 kwa mwezi. Asilimia 2 ni dola 1.8, kama shilingi 4,000 na kidogo. Hiyo hainunui hata GB 3.

Na huo ni wastani wa nchi nzima, Dar es Salaam ikiwemo. Mkulima wa maharage hela yake inakuja kwa msimu. Bili ya WiFi inakuja kila mwezi.

Vipi kuhusu dishi la setilaiti?

Starlink ilianza Rwanda na Kenya mwaka 2023, na Burundi, inayopakana na Kasulu, mwaka 2024. Tanzania ilimaliza mwaka 2024 bila kuipa leseni. Hata leseni ikitoka, dishi lenyewe linaweza kugharimu mamia ya maelfu ya shilingi, kabla ya malipo ya mwezi.

Kipi kinawezekana kwanza?

Kwa kata kama Rungwe Mpya, njia nafuu ni kushirikiana. Laini moja nzuri ikifungwa shuleni, kwenye zahanati au ofisi ya kata inahudumia watu wengi kwa gharama ya moja. Tuseme laini ya shilingi 100,000 kwa mwezi: ikigawanywa kwa kaya 20 ni shilingi 5,000 kila moja. Tahadhari tu, kuuza intaneti kunahitaji leseni ya TCRA, hivyo ni bora mpango upitie halmashauri au kampuni yenye leseni.

Kwa leo, kabla ya kujiunga bando, gawanya bei kwa idadi ya MB. Kama jibu liko karibu na 9, tafuta kifurushi kingine. Na kwa anayesubiri dirisha la HESLB, anza na uhakiki wa cheti RITA mapema, usisubiri wiki ya mwisho wakati kila mtu yuko kwenye mnara huo huo.