Kutua Mzigo Si Kuutupa

Mtu atokaye mjini Tabora akishika njia ya kusini hupita Sikonge, na akiisha kwenda yapata kilomita 100 hufika Ipole. Hapo njia hugawanyika: moja huelekea Mpanda, na nyingine hushika Rungwa hata Mbeya. Pande zote ni msitu wa miombo, na wenyeji wake ni wakulima na wafuga nyuki.

Aonaye kimya cha msitu ule huweza kudhani ya kwamba watu wake hawana dhiki. Sivyo. Mwenye shamba la tumbaku huamka usiku wa manane kutazama moto wa bani, kwa maana majani yakaushwayo kwa mvuke hayataki moto uzime wala uzidi, na kazi hiyo huendelea usiku na mchana kwa siku kadhaa. Akiisha kukausha, hana budi kungoja soko. Soko likiisha, hana budi kungoja malipo, na deni la mbolea limemtangulia mlangoni. Kadhalika mfanyakazi wa mjini: kodi ya nyumba haimngoji, wala ada ya watoto, wala mgonjwa aliyeko kijijini. Mwili hulala lakini moyo hukesha.

Je, mtu wa namna hii atapumzika vipi, na maana ya taabu yake ataipata wapi? Hili ndilo swali letu la leo.

Twaona majibu mawili ambayo watu wengi hujipa, na yote mawili ni mabaya. La kwanza ni la yule asemaye kwamba hana nafasi ya kupumzika mpaka shida ziishe. Huyu hubeba mzigo wake siku zote bila kuutua, hata bega likafa ganzi, naye akawa mkali kwa mkewe, mkali kwa watoto, na mzembe kazini bila ya kutaka. La pili ni la yule auzaye akili yake kwa chupa. Huyu hakuutua mzigo, ameutupa njiani. Na asubuhi huukuta palepale, umeongezeka deni la kilabuni.

Njia ya tatu ipo, nayo haikuletwa na wageni. Ilikanyagwa na babu zetu katika nchi hii hii ya Unyamwezi.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka pwani, Bagamoyo, ikapita Ugogo mpaka Tabora, na kutoka hapo ikaendelea hata Ujiji kwenye ziwa Tanganyika. Nguvu iliyoendesha biashara yote ile ilikuwa bega la mpagazi. Mnyamwezi alichukua mtumba wa nguo, au ushanga, au waya wa shaba, au pembe ya ndovu, uzito wa ratili 60 au 70, yaani kiasi cha kilo 30, mbali na chungu chake, mkeka wake na silaha yake. Mwingereza Richard Burton aliondoka pwani mwezi Juni 1857 na kufika Tabora mwezi Novemba, safari ya siku zaidi ya 130.

Mtu hawezi kuchukua kilo 30 kwa miezi mingi kwa kukaza meno tu. Wapagazi walijua hivyo, nao wakatengeneza utaratibu. Msafara uliondoka alfajiri, kukiwa na baridi. Mbele alikwenda kirangozi, amevaa nguo nyekundu na mapambo kichwani, na ilikuwa mwiko kumpita. Aliyempita alitozwa faini. Kwa desturi hii hatua ya msafara haikuwa ya mwenye papara, wala hakuna aliyewachosha wenzake kwa kutaka sifa. Ngoma ilipigwa, baragumu ikalia, mmoja akaanzisha wimbo na wengine wakaupokea. Jua lilipopanda, kwenye saa 5 au saa 6 mchana, mizigo ilitiwa chini. Hapo kila mtu alikuwa na kazi yake: huyu alikata miti ya vibanda, huyu alitafuta maji, huyu aliwasha moto. Na usiku, watu wale wale waliokuwa hoi kwa mizigo walicheza ngoma hata wageni wakashangaa nguvu hizo zilitoka wapi.

Wageni walishangaa kwa sababu walidhani kupumzika ni kulala tu. Mpagazi alijua ya kwamba mwili hupumzishwa na usingizi, bali moyo hupumzishwa na wenzake. Akiimba na wenzake, uzito ule wa kilo 30 haupungui hata ratili moja, lakini haubebi peke yake tena. Wahenga walisema: mchumia juani hulia kivulini. Hawakusema kivuli ni cha yule asiyechuma. Walisema kivuli ni haki ya aliyechuma.

Nasi tukisema haki hatusemi neno jepesi. Mwaka 1871 Henry Stanley, akimtafuta Dokta Livingstone, alizuiliwa na vita vya Mtemi Mirambo, akalazimika kuzunguka kwa kusini, akipita katika misitu hii ya kusini na magharibi ya Tabora. Mwezi Oktoba msafara wake ulipiga kambi karibu na mto Gombe. Nyama ilikuwa tele, watu wakala, wakapumzika siku chache. Stanley alipotoa amri ya kuondoka, wapagazi walitaka siku moja zaidi. Aliwakatalia. Walikwenda kitambo, kisha wakaitia mizigo chini njiani, na ugomvi ukafika hata bwana mkubwa akainua bunduki. Mwisho msafara ukaendelea. Habari hii ameiandika Stanley mwenyewe, naye ameiandika kama uasi. Laiti mmojawapo wa wale wachukuzi angalikuwa na kalamu, pengine angaliiandika kama habari ya watu walioomba siku moja ya kupumzisha mabega yao.

Wala tusiipambe njia ile kuliko ilivyokuwa. Katika njia hiyo hiyo walipita mateka waliofungwa minyororo, ambao hawakuulizwa kama wamechoka. Na reli ilipofika Tabora mwaka 1912, wengi walidhani taabu ya uchukuzi imekwisha. Kumbe vita vikuu vya mwaka 1914 vikaja, na watu wa Afrika ya Mashariki wakakamatwa kwa malaki kuchukua mizigo ya majeshi ya Wazungu. Hao hawakuwa na kirangozi wala saa ya kutua. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na njaa, kuhara na uchovu. Jina la Kariakoo katika mji wa Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wachukuzi wale. Basi mtu apitaye sokoni pale na akumbuke: tofauti ya mpagazi huru na mtumwa haikuwa mzigo, kwa maana wote wawili walibeba. Tofauti ilikuwa ni nani mwenye amri ya kuutua.

Ndiyo sababu wafanyakazi wa dunia nzima walipigania saa za kazi. Azimio la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948, katika kifungu cha 24, lilitaja mapumziko kuwa ni haki ya kila mtu. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma, na zisizidi 9 kwa siku. Afanyaye kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe nafasi ya dakika 60. Kila juma apate saa 24 za kupumzika, na kila mwaka siku 28 za likizo. Mfanyakazi asiyeyajua haya huomba kama fadhila kitu ambacho ni chake.

Lakini mkulima wa Ipole hana karani wa kumhesabia saa. Yeye hana budi kujiwekea sheria mwenyewe, na hapa ndipo nyuki wanapomfundisha. Mfuga nyuki hutundika mizinga yake mbali msituni, kisha huenda huko na wenzake, wakapiga kambi majuma kadhaa, kama walivyopiga kambi babu zao. Kazi ile si nyepesi: kuna kupanda miti mirefu, kuna moshi machoni, kuna miiba ya nyuki, tena wengi hurina asali usiku. Hata hivyo kazi hii haikubali papara. Mwenye kumwendea nyuki kwa hasira atarudi amevimba uso. Miti ya miombo hutoa maua kwa majira yake, na mwenye mzinga hana amri ya kuyaharakisha. Hufanya lililo lake, akangoja lisilo lake. Na wakati wa kungoja hukaa na wenzake motoni, wakasimuliana. Fuata nyuki ule asali, ndivyo isemwavyo. Nasi twaongeza kwamba amfuataye nyuki hana budi kwenda kwa mwendo wa nyuki.

Hili si jambo dogo kwa mtu mwenye wasiwasi. Sehemu kubwa ya dhiki yetu ni kujaribu kufanya kazi isiyo yetu: kuiharakisha mvua, kuisukuma bei kwa mawazo, kulipa deni usiku kitandani. Apangaye moyoni ya kwamba hili nitalifanya kesho asubuhi, na lile sina uwezo nalo, amekwisha kutua nusu ya mzigo. Watu wa vijiji vya Ipole wamefanya hivyo hata katika mambo makubwa. Walikubaliana kutenga sehemu ya msitu wao kuwa hifadhi ya wanyamapori ya jamii. Msitu wa namna hiyo haumlipi mtu leo tu, huwalipa hata wale ambao hawajazaliwa. Mtu aonaye kwamba jasho lake linawafikia wajukuu amepata maana ambayo bei ya msimu mmoja haiwezi kumnyang'anya.

Iko dawa nyingine iliyokua katika njia ya misafara, nayo ni utani. Mnyamwezi na Mzaramo walikutana wakiwa wageni, mmoja mwenyeji wa pwani, mwingine mwenye mtumba begani. Wangaliweza kuwa maadui, wakawa watani. Mpaka leo, msiba ukitokea, mtani huingia katikati ya kilio akasema maneno ambayo ndugu hathubutu kuyasema; aliyekuwa akilia hucheka na machozi yakingali mashavuni. Tena mtani huyo huyo huchota maji, hupika na huchimba kaburi. Mzaha wake una ruhusa kwa sababu mikono yake inafanya kazi. Hapo kuna somo: kicheko kinachofaa wakati wa shida ni cha mtu aliyekuja kusaidia, si cha mtazamaji.

Pengine msomaji atasema: "Je, Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikutuonya juu ya nguvu zilizokuwa zikipotea vijijini katika ngoma, umbea na pombe?" Ndiyo, lilituonya, na onyo lile ni la haki. Lakini Azimio lile lile lilisema pia ya kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kupita watu wote, ilhali wanaume wengi hukaa bure sehemu kubwa ya mwaka. Hapo ndipo kipimo chetu kilipo. Mapumziko ya mume yaliyojengwa juu ya uchovu wa mke si mapumziko, ni wizi. Katika misafara ya zamani wako wanawake waliofuatana na waume zao, na kambi ilipopigwa, wao ndio waliochochea moto na kupika. Ikiwa mume aketi kucheza bao na huku mke atwanga, abebe maji, anyonyeshe na kisha apike, basi nyumbani humo mtua mzigo ni mmoja tu. Na apokee kinu japo jioni moja, aone kama siku ya pili hakutakuwa na kicheko zaidi nyumbani.

Basi, ndugu zangu wafanyakazi na wakulima, tufanye nini? Kila mmoja wetu ajiwekee saa ya kutua, naye aiheshimu kama kirangozi alivyoheshimiwa. Tusipumzike peke yetu. Anayezidiwa na mawazo amwambie mwenzake kabla usiku haujawa mrefu, na mwenzake asimcheke kabla ya kumpokea mzigo. Viongozi wa kazi wasiihesabu likizo kuwa hasara. Na jioni moja katika juma tuimbe, tucheze bao, tusimuliane habari za wazee, watoto wakiwapo na mama akiwa ameketi.

Wako wasemao kwamba jina la Bagamoyo latokana na kubwaga moyo, kwa maana mpagazi aliyefika huko alikuwa amemaliza safari. Lakini Bagamoyo ilikuwa mbali, na mpagazi aliyengoja kupumzika mpaka afike pwani asingalifika. Alifika kwa sababu alitua kila siku, na kila alfajiri akainama akaupokea mzigo wake tena.